Mtu wa milimita 28: namna kazi ya kufinyanga sanamu ndogo kwa mastiki inavyofunzwa

Shujaa wa Kizande amesimama. Ana ngao ya ususi na kisu cha kurusha, kile chenye makali kadhaa ambacho Wazande wanakiita kpinga. Misuli ya miguu inaonekana, nywele zinaonekana, hata mistari ya ususi kwenye ngao inaonekana. Lakini ukimpima toka unyayo hadi kwenye macho, hapiti milimita 28 hivi. Ni pingili moja tu ya kidole gumba cha mtu mzima.

Shujaa huyu hakutoka Dungu. Alifinyangwa Uingereza na Mwingereza aitwaye Mark Copplestone, kwa ajili ya kampuni ya Wargames Foundry. Pamoja naye katika mfululizo huo kuna waruga-ruga, askari, wapagazi na Wazungu wapelelezi. Mfululizo wenyewe unaitwa "Darkest Africa", Afrika yenye giza kuu, jina linalokumbusha moja kwa moja kitabu cha Henry Morton Stanley cha mwaka 1890. Mwaka 2016 kampuni moja ya Ufaransa, Studio Tomahawk, ilitoa mchezo wa mezani wa vijisanamu vya wakati huohuo na kuupa jina fupi tu: "Congo".

Wanunuzi wa vijisanamu hivi wengi ni watu wazima. Wanavipaka rangi kwa burashi nyembamba, wanavipanga mezani na kucheza vita vya zamani. Kwao ni burudani. Kwa mtu wa Kasongo au wa Nyangwe, ambako Dola Huru ya Mfalme Leopold ilipigana na Waarabu-Waswahili kati ya mwaka 1892 na 1894, yule mtu mdogo wa mezani anaweza kuwa babu. Hata lugha unayoisoma hapa ilifika Maniema kwa miguu ya wapagazi kama hao.

Basi swali linakuja lenyewe: kufinyanga mtu wa milimita 28 ni kazi ngumu kiasi gani, hata sura za babu zetu zifinyangwe na watu wa mbali? Jibu ni kwamba ni kazi ya polepole na yenye kuchosha macho, lakini si siri. Wengi wanaoifanya walijifunza wenyewe, kwa kuharibu mastiki nyingi kwanza.

Si udongo wa watoto

Mtu akisikia neno kufinyanga anafikiri udongo wa mtoni, ule ambao watoto wa Kivu wanautengenezea ng'ombe, magari na vyungu vya kuchezea. Udongo huo ni mwalimu mzuri, lakini kwa ukubwa huu unakataa. Ukikauka unanywea na kupasuka, na mkono wenye unene wa njiti ya kiberiti unakatika kabla hujamaliza kutengeneza ule wa pili.

Mwingine atafikiri ule udongo laini wa rangi unaotumiwa kwenye shule za watoto wadogo. Huo ulibuniwa mwaka 1897 na William Harbutt, mwalimu wa sanaa katika mji wa Bath, Uingereza, aliyetaka wanafunzi wake wapate kitu kisichokauka mikononi mwao. Alifaulu kweli, maana haukauki kabisa. Kwa mazoezi hakuna kitu kizuri zaidi: unakosea mara mia na kuanza upya bila hasara. Lakini sanamu yake haidumu. Ukiigusa kwa kidole tu, pua imekwenda.

Mastiki ya wafinyanzi wa vijisanamu ni ya aina nyingine, na fundi wa karoseri huku kwetu ataielewa upesi. Yeye akitaka kuziba bati la gari anachukua mastiki, anatia kikaushio kidogo, anachanganya haraka, na toka hapo muda unahesabika. Hii nayo ina sehemu mbili: resini ya epoksi na kigumishi chake. Ile inayojulikana zaidi inauzwa kama utepe, upande mmoja bluu, upande mwingine njano. Unaikanda kwa vidole hadi mistari ya rangi inapotea na donge lote linakuwa la kijani. Jina lake la kiwandani ni Kneadatite, lakini duniani kote wafinyanzi wanaiita Green Stuff, yaani "kitu cha kijani". Mwanzoni haikuwa ya sanaa, ilikuwa ya kuziba na kutengeneza vitu vilivyoharibika. Ndugu yake anaitwa Milliput, anatoka mji mdogo wa Dolgellau katika Wales, na mafundi wa mabomba wanamjua sawasawa na wachongaji.

Mastiki hii ina tabia zake, na anayejifunza anatumia majuma ya kwanza kuzijua tu. Ikiwa mbichi inanata kama shingamu na kushika kila kitu isipokuwa mahali unapotaka ishike. Ukiisukuma inarudi. Kwa hiyo mwenye uzoefu akishaichanganya anaiweka pale panapotakiwa, anaipa umbo la jumla, kisha anaiacha dakika 20 au 30 kabla ya kugusa mambo madogo. Baada ya hapo ana saa moja na kitu ya kufanya kazi. Kesho yake imekuwa ngumu kabisa na hairudi nyuma tena.

Vipimo navyo vinabadilisha mambo. Ukizidisha bluu inakuwa ngumu zaidi na inafaa kwa panga au kingo za sanduku. Ukizidisha njano inakuwa laini na kufaa kwa ngozi na nguo. Ukinunua utepe uliokaa sana dukani, ule mstari wa katikati ambapo rangi mbili zinagusana huwa umekwisha kukauka. Unakatwa na kutupwa. Asiyejua hilo atajikuta anafinyanga uso wenye mawe madogo ndani yake na kufikiri mkono wake ndio mbovu.

Kuna onyo moja ambalo wengi wanalipita haraka. Resini mbichi ya epoksi inaweza kuleta mzio wa ngozi, na mzio huo ukishaanza hauondoki kirahisi. Glovu nyembamba, maji na sabuni ni sehemu ya kazi. Kifaa kinatiwa maji kidogo au vazelini ili kisinate. Wapo wazoefu wanaolowesha kifaa kwa mate. Si mfano wa kufuata.

Aliyeanza mara ya pili kwa mkono wa kushoto

Mji wa Nottingham na vijiji vyake, katikati ya Uingereza, ndio makao makuu ya kazi hii. Wapenzi wa vijisanamu wanapaita "Lead Belt", mkanda wa risasi. Risasi hapa ni madini, si ile ya bunduki: kwa miaka mingi vijisanamu vilimiminwa kwa mchanganyiko wenye risasi ndani, hadi miaka ya 1990 ambapo makampuni mengi yaliiacha kwa sababu ya sumu yake. Citadel Miniatures ilianza huko mwaka 1979. Mama yake, Games Workshop, leo ni kampuni kubwa: katika mwaka wake wa hesabu uliomalizika katikati ya 2024 iliuza kwa zaidi ya pauni milioni 500, na mwezi wa kumi na mbili mwaka huohuo ikaingia katika makampuni 100 ya kwanza ya soko la hisa la London. Ni pesa nyingi kwa biashara ambayo kwa miaka mingi chanzo chake kilikuwa mtu mmoja, taa moja na donge la mastiki lenye ukubwa wa punje ya hindi.

Miongoni mwa watu wa mwanzo wa kazi hiyo ni mapacha wawili, Alan na Michael Perry. Walifinyangia Citadel kwa miaka mingi kabla ya kuwa na kampuni yao wenyewe, Perry Miniatures. Mwaka 1996, kwenye maonyesho ya kuigiza vita vya zamani nchini Ufaransa, mzinga ulileta ajali na Michael akapoteza mkono wake wa kuume. Alikuwa tayari fundi mwenye jina. Akaanza upya, akajifunza kufinyanga kwa mkono wa kushoto, na akaendelea kuishi kwa kazi hiyohiyo hadi leo.

Habari yake inasimuliwa mara nyingi kama habari ya ujasiri, na ni kweli. Lakini kwa anayetaka kujifunza kuna jambo lingine ndani yake. Kama ufundi huu ungekaa katika vidole tu, ungeondoka pamoja na mkono ule. Sehemu kubwa yake ilikuwa imebaki mahali pengine: katika kujua nguo inavunjika wapi mtu akipiga magoti, bega linapanda vipi mtu akiinua bunduki, shingo inaanzia wapi. Vidole vya kushoto vilikuwa na kazi ya kulifikia jicho ambalo lilikuwa limekwisha kujua.

Mama mwenye kamba kwenye paji

Tuchukue mfano ambao kila mkaaji wa Bukavu anaujua: mama mbeba mizigo, kamba imepita kwenye paji la uso, gunia la makala mgongoni, anapanda mteremko. Mwanafunzi anataka kumfinyanga kwa milimita 28. Anaanzia wapi?

Anaanzia kwenye karatasi. Anamchora mtu mara mbili, mbele na ubavuni, kwa ukubwa uleule wa sanamu. Kisha anachukua waya mwembamba unaokunjika kwa vidole, anaukunja kufuata mchoro: miguu, nyonga, uti wa mgongo, mikono. Hiyo ndiyo mifupa. Waya wa miguu unachomekwa kwenye kizibo cha chupa ya divai ili kazi ishikike bila kuguswa. Na hapa ndipo sanamu nyingi zinapokufa, siku ya kwanza kabisa, kabla mastiki haijafunguliwa. Mwanafunzi anasimamisha waya wima kama mlingoti, kisha anaweka gunia mgongoni. Matokeo ni mtu aliyesimama na gunia lililogandishwa nyuma yake. Mama wa kweli hasimami hivyo. Mzigo wa kilo nyingi unamvuta nyuma, naye anaujibu kwa kuinama mbele kutoka kwenye nyonga. Shingo inasukuma dhidi ya kamba. Magoti hayanyooki. Mikono mara nyingi inapanda kushika kamba kando ya kichwa ili kupunguzia shingo. Ukikunja waya hivyo, hata bila mastiki, mpita njia atasema: huyu amebeba.

Halafu inapakwa ngozi nyembamba ya mastiki juu ya waya, bila umbo lolote, na kazi inaachwa hadi kesho. Ngozi hii ni ya kuipa mastiki ya pili mahali pa kushika. Anayeiruka ataona mwili mzima unazunguka kwenye waya kama nyama kwenye mshikaki.

Siku ya pili ni nyonga na kifua, madonge mawili tu. Siku ya tatu ni miguu. Kila hatua inakauka kabla ya nyingine kuanza, kwa sababu kidole kinachotengeneza goti kinaweza kuponda tumbo ambalo bado ni bichi. Hapo mtu anaelewa kwa nini hata fundi wa kulipwa anafanya kazi juu ya sanamu tatu au nne kwa pamoja: moja inakauka, nyingine inaguswa.

Kitenge ndicho kinachowaadhibu wanaojifunza. Wanatandaza mastiki kuzunguka miguu, halafu wanachora mistari ya wima kwa sindano, sawasawa, kama bati la nyumba. Nguo haifanyi hivyo. Mkunjo una mahali unapoanzia: pale nguo inapovutwa. Kwa mama anayepanda mteremko, nguo inavutwa na nyonga juu na goti lililotangulia chini, na mikunjo inatoka katika sehemu hizo mbili kama miale. Nyuma ya mguu uliobaki inaning'inia tu. Fundi hakati mistari, anasukuma mastiki pembeni taratibu kwa kifaa cha mviringo hadi bonde litokee, kisha analainisha kingo. Maua ya kitenge hayafinyangwi. Hayo ni kazi ya rangi.

Kuhusu vifaa, hakuna cha kutisha. Wengi wanatumia vyuma vya daktari wa meno, sindano iliyotiwa kwenye kipini cha mti, wembe wa fundi, na kijiti chenye ncha ya mpira kwa kulainisha. Kijiti cha kuchokonolea meno kilichosuguliwa vizuri kinafanya nusu ya kazi. Duka linaweza kukuuzia vifaa thelathini, lakini anayeifanya kazi kila siku mwishowe anarudi kwenye vitatu au vinne.

Uso ni jambo la peke yake. Kichwa cha mtu wa milimita 28, kwa vipimo vya kweli, hakifiki hata milimita tano toka kidevu hadi utosi. Mafundi wengi wanakipanua kidogo, pamoja na viganja na silaha, kwa sababu sanamu itatazamwa kwa umbali wa mkono na kichwa cha kipimo halisi kingeonekana kama cha njiti. Lakini kosa la kwanza la mwanafunzi si ukubwa, ni macho. Anayaweka juu sana, karibu na nywele. Chukua kioo upime: macho ya mtu yako katikati ya kichwa. Ukishabonyeza mashimo mawili katikati ya donge, umekwisha kupata nusu ya uso. Pua ni kipande kidogo kuliko mbegu ya sombe, kinawekwa na kuunganishwa juu. Midomo ni mstari mmoja uliokatwa, kisha mdomo wa chini unasukumwa juu kidogo toka chini.

Na hapa ndipo suala la nani anafinyanga linaporudi. Anayejifunza kwa vitabu vya Ulaya anafundishwa pua moja, mdomo mmoja, taya moja, na kuambiwa hicho ndicho kichwa cha mtu. Akitaka Mwafrika anaongeza mdomo na kupanua pua, basi. Ukitaka kujua Mzande wa karne ya 19 alivaa nini, haraka utajikuta kwenye michoro ya Georg Schweinfurth, Mjerumani aliyepita sehemu hizo kati ya 1868 na 1871. Michoro hiyo ina thamani kubwa, hasa ya vyombo na silaha. Lakini ilichorwa na mgeni aliyekuwa anapita. Mtu aliyekulia Kivu ana kitu ambacho hakimo ndani yake: anajua kwamba uso wa jirani yake mmoja haufanani na wa jirani mwingine.

Kamba ambayo haitoki kwenye mpira

Sanamu ya mastiki ikimalizika inabaki moja. Ili iwe elfu inahitaji kalibu, na kalibu ina masharti yake ambayo mfinyanzi anapaswa kuyajua toka siku ya waya.

Kwa njia ya zamani, ambayo bado inatumika, sanamu ile ya kwanza inalazwa kati ya visahani viwili vya mpira mbichi, kisha inabanwa kwa mashini yenye joto linalopita sana lile la maji yanayochemka. Mpira unaiva na kushika kila mstari. Ndiyo sababu ya epoksi kupendwa: inavumilia. Udongo wa Harbutt ungeyeyuka palepale. Baadaye kalibu inawekwa kwenye mashini inayozunguka kwa kasi, madini laini yaliyoyeyuka yenye kalayi nyingi yanamiminwa katikati, na mzunguko unayasukuma hadi kwenye ncha za vidole vya kila kijisanamu.

Mama wetu ataleta shida hapo. Kati ya kamba na shingo yake kuna nafasi wazi. Mpira utaingia katika nafasi hiyo na kuiva ndani yake, na siku ya kutoa sanamu ama mpira utachanika au kamba itakatika. Fundi ana njia mbili: kuijaza nafasi hiyo kwa mastiki na kumwachia mpaka rangi aifiche kwa kivuli, au kutengeneza gunia na kamba yake kama kipande cha pembeni kitakachoshikishwa kwa kole. Mkuki na kpinga nazo hupimwa hivyohivyo. Ukishika kijisanamu chenye silaha nene kuliko ya kweli, mara nyingi si uzembe. Ni mpira uliosema hapana.

Wakati mastiki inaondoka

Habari hii ina upande wa uchungu kidogo. Huko Nottingham kwenyewe, mastiki inaachwa. Makampuni makubwa sasa yanafinyanga kwenye kompyuta kwa programu kama ZBrush, na sanamu ya kwanza inachapishwa kwa printa ya resini. Faida zinaeleweka. Kosa linafutwa kwa kubonyeza, mkono wa kushoto unanakiliwa kuwa wa kuume, na sanamu moja inaweza kupanuliwa au kupunguzwa bila kuanza upya. Kijana anayeomba kazi ya kufinyanga leo anaulizwa kwanza anajua programu gani.

Lakini kwa mtu wa Uvira au Butembo hesabu inaweza kugeuka. Kompyuta yenye nguvu, printa, resini yake na umeme usiokatika katikati ya masaa sita ya uchapishaji ni gharama inayofunga mlango. Mastiki inaomba mwanga wa dirisha. Epoksi ya kukanda kwa mkono, ile ya kuziba mabomba, ni kitu cha kuulizia kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi; si laini kama ile ya kijani na inaharakisha kukauka, hivyo inabidi kuchanganya kidogo kidogo, donge la ukubwa wa haragi. Waya wa shaba unapatikana ndani ya kipande chochote cha kamba ya umeme iliyotupwa. Na kabla ya kutumia hata franka moja kwa epoksi, kuna udongo wa bure wa kujifunzia mwili kwa ukubwa wa kiganja. Anayeshindwa kumfinyanga mama huyu kwa sentimita 15 hatamweza kwa milimita 28.

Tena, kitu kidogo kinachoshikwa mkononi si kigeni katika nchi hii. Kati ya Walega, katika Kivu Kusini na Maniema, wakubwa wa Bwami walikuwa na iginga, sanamu ndogo za pembe za ndovu au mfupa, ambazo wale wa daraja la juu kabisa, kindi, walizitoa wakati wa mafundisho. Kila moja ilienda na methali yake. Zilipakwa mafuta, zilipitishwa toka mkono hadi mkono, zilirithiwa. Utawala wa kikoloni uliipiga Bwami marufuku, na sanamu nyingi ziliishia kwenye makusanyo ya Ulaya na Marekani, kati yake jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji.

Ukiweka iginga karibu na kijisanamu cha Nottingham utaona shule mbili zisizosalimiana. Mfinyanzi wa Nottingham anataka kila kifungo cha koti kionekane, maana mnunuzi wake hatamwona kamwe na sanamu inabaki kujieleza peke yake. Mchongaji wa Kilega alitoa uso wenye umbo la moyo, nukta chache, labda mkono mmoja tu, akaacha methali imalize. Anayejifunza leo hana sababu ya kuapa kwa upande mmoja. Mtu wa milimita 28 hawezi kubeba kila kitu, na kuchagua cha kuacha kunachukua miaka kuliko kujifunza mikunjo ya nguo.

Ili kuziona iginga nyingi za zamani kwa karibu, Mlega wa Mwenga anahitaji pasipoti, viza na tiketi ya ndege. Mama mwenye kamba kwenye paji haombi hayo. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, yuko kwenye njia ya soko la Kadutu. Mwanafunzi anayebeba daftari lake hadi pale na atazame kwanza miguu: unyayo upi unashika ardhi, kisigino kipi kimenyanyuka, na goti linakunjika kiasi gani kabla ya hatua inayofuata.